Fedha Mkononi, Shamba Hakuna

(Hotuba iliyosomwa mbele ya kamati za Haki na Amani na vikundi vya wananchi kutoka Kitui na Makueni)





Nimeombwa niseme juu ya Mafundisho Jamii ya Kanisa, na jinsi yalivyoyajibu matatizo yaliyoletwa na zama za viwanda. Najua baadhi yenu mliposikia mada hiyo mliuliza moyoni: sisi na viwanda tuna nini? Sisi ni watu wa mtama na mbaazi, wa mbuzi na miembe. Moshi tunaoujua ni wa jikoni. Nami nilijiuliza vivyo hivyo, mpaka nilipokumbuka swali la mzee mmoja wa upande wa bonde la Mui, huko Kitui.

Mzee huyo alikuwa na miche kumi ya miembe katika mifuko ya nailoni, ameiweka kivulini nyuma ya nyumba yake. Aliniuliza, "Mwalimu, niipande au nisiipande?" Mwembe ni mti wa subira, aupandaye leo hungoja miaka kadhaa kabla hajala tunda lake. Mzee alikuwa ameambiwa kwamba chini ya shamba lake kuna makaa ya mawe, na kwamba atahamishwa. Kisha akasikia kwamba hatahamishwa. Kisha hakusikia neno lo lote. Mwaka ukapita, na mwingine ukapita, na miche ikakauka ndani ya mifuko yake. Siku ile sikuwa na jibu la kumpa. Hotuba hii, ndugu zangu, ni jaribio langu la kumjibu.

MAMBO MAPYA YA MWAKA 1891

Yatupasa twende kwanza mbali kidogo, ili turudi nyumbani tukiwa na taa mkononi.

Katika karne ya 19, mashine za mvuke zilibadili maisha ya watu wa Ulaya. Wakulima waliacha mashamba, wengine kwa hiari na wengi kwa kufukuzwa, wakaenda mijini kutafuta kazi katika viwanda na migodi. Huko waliwakuta wenye mtaji, nao hawakuwa na kitu cha kuuza isipokuwa mikono yao. Watoto waliteremshwa migodini. Akina mama walisimama mbele ya mashine tangu alfajiri hadi usiku. Aliyelalamika aliambiwa: ulikubali ujira huu mwenyewe, na kama hautaki, wako wengine mlangoni wanaongoja.

Mnamo 1889 wapakuaji wa shehena katika bandari ya London waligoma wakidai nyongeza ya ujira wa saa. Kardinali Manning, mzee wa miaka themanini na zaidi, alitoka nyumbani mwake akaenda kuzungumza na pande zote mbili, mpaka mapatano yakapatikana. Hakusema kwamba mambo ya ujira si mambo ya Kanisa. Miaka miwili baadaye, tarehe 15 Mei 1891, Baba Mtakatifu Leo wa XIII alitoa waraka wake uitwao Rerum Novarum, maana yake Mambo Mapya.

Waraka huo ulifundisha nini? Nitataja mambo manne tu. Kwanza, kazi ya mwanadamu haiwezi kufanywa bidhaa kama gunia la mahindi, kwa maana ndani ya kazi yumo mtu mwenyewe, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Pili, ujira wa haki ni ule unaomwezesha mfanyakazi mwenye kiasi kuishi kwa heshima. Na kama amekubali ulio chini ya hapo kwa sababu ya shida, amefanyiwa jeuri hata kama ametia sahihi. Makubaliano ya mwenye njaa na mwenye ghala si makubaliano ya watu walio sawa. Tatu, wanyonge wana haki ya kuungana katika vyama vyao, na Serikali haina ruhusa ya kuwanyima haki hiyo. Nne, mtu ana haki ya kumiliki mali, hasa kipande cha ardhi atakachowaachia watoto wake, na Serikali imewekwa ili kumlinda hasa yule asiye na mlinzi mwingine.

Angalieni hapo. Papa Leo aliwakataa wale waliotaka kufuta mali ya watu binafsi. Aliwakataa pia wale waliotaka fedha itawale bila sheria. Kwa hiyo yeye asemaye kwamba padre anayetetea mashamba ya watu amegeuka mwanasiasa, na agombane na waraka wa mwaka 1891, asigombane na padre wetu wa parokia.

RELI, NG'OMBE NA MUINDI MBINGU

Sasa turudi nyumbani. Je, zama za viwanda zilitupita sisi? Hazikutupita. Mwaka 1896, miaka mitano tu baada ya waraka huo, reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa. Ilipita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, katika nchi ambayo leo ni Makueni, ikafika Nairobi mwaka 1899. Pamoja na reli yakaja mashamba makubwa ya mkonge na ya walowezi, na kodi iliyomlazimisha mwanamume kwenda kutafuta kazi ya mshahara.

Kisha ukaja mwaka 1938. Kule Athi River kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama, na kiwanda hakiwezi kuishi bila ng'ombe. Serikali ya kikoloni ikatangaza kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi kupita kiasi, kwamba ardhi inachakaa, na kwamba ng'ombe lazima wapunguzwe. Wakakamatwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Ni kweli kwamba udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua; wazee wetu waliliona hilo kwa macho yao. Lakini nani aliuliza ni kwa nini mifugo imesongamana mahali pamoja? Ardhi nzuri ilikuwa imekwisha kukatwa na kupewa walowezi, na wenyeji wakafungiwa katika maeneo yaliyobaki.

Ndipo Muindi Mbingu na wenzake wakasimama. Mwezi wa Julai 1938 watu zaidi ya elfu moja, wanaume kwa wanawake na watoto, walikwenda Nairobi kutoka wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na nchi ya Makueni. Wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa, wakitaka kumwona Gavana uso kwa uso. Hawakuchoma duka wala hawakumpiga mtu. Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha, uuzaji huo wa nguvu ulisimamishwa.

Nimewakumbusha habari hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, tuone kwamba haki ya kuungana, aliyoifundisha Papa Leo, haikuwa kitu kigeni kwetu. Sisi tuna mwethya. Tangu kale mwanamke mmoja hajengi matuta ya shamba lake peke yake. Kikundi humjia leo, na kesho naye huenda kwa mwenzake. Yale ambayo wafanyakazi wa Ulaya walilazimika kuyajenga upya baada ya viwanda kuwavunja, sisi tuliyarithi. Pili, tuone kosa lilikuwa wapi. Kosa halikuwa kwamba kiwanda kilijengwa. Kosa lilikuwa kwamba mwenye ng'ombe hakuulizwa, na kwamba bei ilipangwa na mnunuzi mwenyewe, huku Serikali ikiwa imeshika kamba.

NIKW'A NGWETE

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 njaa kubwa ilipita katika nchi yetu, na watu wakaipa jina: Nikw'a ngwete. Kwa Kiswahili ni kusema, ninakufa nami nimeshika. Nimeshika nini? Fedha. Watu walikuwa na fedha mkononi na hapakuwa na chakula cha kununua. Sijui kama katika vitabu vyote vya uchumi kuna fundisho kubwa kuliko hilo lililotungwa na akina mama waliosimama mbele ya duka tupu.

Lichukueni jina hilo, mlipeleke katika bonde la Mui.

Serikali ilianza kutafuta makaa ya mawe katika bonde hilo mwishoni mwa miaka ya 1990. Visima vya uchunguzi vilichimbwa, bonde likagawanywa vitalu vinne, na mnamo Desemba 2013 mkataba wa kugawana manufaa ya vitalu C na D ulitiwa sahihi pamoja na kampuni ya Fenxi kutoka China. Wananchi wengine walifurahi, wengine waliogopa, na wengine walikwenda mahakamani. Mwaka 2015 majaji watatu wa Mahakama Kuu walitoa hukumu. Hawakuusimamisha mradi, waliona kwamba ushirikishwaji uliokuwa umefanywa hadi hatua ile ulitosha. Lakini waliweka vipimo ambavyo kila mmoja wetu yafaa avijue: kwamba wananchi wapewe habari wanazozihitaji ili watoe maoni ya maana, kwamba wale watakaoguswa zaidi wasikilizwe zaidi, na kwamba kuwashirikisha watu kusiwe maonyesho tu ya kutimiza sheria.

Tangu hapo miaka mingi imepita, na makaa hayo hayajaanza kuchimbwa kibiashara. Watu wa Mui hawajapata hasara ya mgodi wala faida ya mgodi. Walichopata ni kungoja. Na kungoja, ndugu zangu, kuna gharama ambayo haiandikwi katika mkataba wo wote: nyumba isiyomaliziwa, kisima kisichochimbwa, mchumba asiyejua atakaa wapi, miche iliyokauka ndani ya mifuko.

Wako watakaosema: fidia itakuja, nanyi mtanunua mashamba mengine. Someni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alimtaka Nabothi ampe shamba lake la mizabibu. Wala hakuanza kwa ukali. Aliahidi kumpa shamba lililo bora kuliko lile, au thamani yake kwa fedha. Kwa maneno ya siku hizi, alitoa fidia. Nabothi akakataa, kwa kuwa shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake. Ndipo zikaandikwa barua zenye mhuri wa mfalme, wakatafutwa mashahidi wa uongo, na Nabothi akauawa. Damu ile Mungu hakuisahau; alimtuma Eliya.

Sisemi kwamba kila mwenye kutafuta madini ni Ahabu. Kanisa si adui wa viwanda. Papa Paulo wa VI, katika waraka wake Populorum Progressio wa mwaka 1967, alifundisha kwamba maendeleo ni ya lazima, na kwamba maendeleo ya kweli humkuza kila mtu, na humkuza mtu mzima, mwili na roho. Lakini ukimwondoa mtu katika shamba lake, ukampa fedha asizozoea kuzitunza, ukamwacha bila kazi, bila majirani, bila makaburi ya wazazi wake, basi umempa Nikw'a ngwete ya pili. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kipimo ni hicho. Mgeni akija na mwenyeji akaugua, ugeni huo una kasoro.

Wala tusisahau neno la Papa Fransisko katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, kwamba nishati zichafuazo hewa, na makaa ya mawe yakitajwa waziwazi, zapaswa kuachwa hatua kwa hatua bila kukawia. Mwezi wa Juni 2019 Baraza la Mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Lamu, na mojawapo ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi wa Lamu waliungana, wakauliza maswali, wakasikilizwa.

MAJI YALIYOFICHWA MCHANGANI

Huenda watu wa Makueni wakasema, hayo ni ya Kitui. La, hasha. Kwenu viwanda havikufuata makaa. Vilifuata mchanga, na Kitui pia vilifuata huo huo mchanga.

Nairobi inajengwa kwa saruji, na saruji hailiwi kavu, inataka mchanga. Malori huingia mitoni mwetu, mara nyingi usiku, na hutoka yamejaa. Mtu wa mjini akiuona mto wetu wakati wa kiangazi hudhani ni mto mfu. Sisi twajua kwamba maji yamelala chini. Ndiyo maana ya mabwawa ya mchanga, ambayo vikundi vyetu vimejenga kwa mamia katika Kitui na Makueni: ukuta hujengwa juu ya mwamba kukata mto wa msimu, mafuriko huleta mchanga na kuurundika nyuma ya ukuta, na maji hukaa katikati ya chembe za mchanga, ambako jua haliyafikii. Kina mama huchimba kwa mikono wakayapata miezi mingi baada ya mvua kukatika. Aondoaye mchanga huo haondoi kitu kilichotupwa. Anavunja mtungi wa kijiji kizima.

Serikali ya Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015. Kitui nako, Januari 2018, gavana alipiga marufuku kusafirisha mchanga na makaa ya miti nje ya kaunti. Hatua hizo zilizua ugomvi, na damu imemwagika kwa sababu ya mchanga katika nchi yetu. Hapa nawakumbusha neno la Papa Fransisko alipotembelea Kangemi, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tarehe 27 Novemba 2015. Alisema kwamba ardhi, makao na kazi ni haki takatifu. Na kwamba kuinyima familia maji ni dhuluma kubwa, hasa pale mtu anapochuma faida kutokana na shida hiyo.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yule kijana anayepakia lori usiku kwa sepetu, naye ni mwana wa Kanisa. Mgongo wake unauma, ujira wake ni mdogo kabisa katika mnyororo mzima wa biashara hiyo, na polisi wakija ndiye akamatwaye, si mwenye lori wala mwenye jumba. Tukimfukuza mtoni bila kumwonyesha kazi nyingine, tumeutetea mto na kumsahau mtu. Papa Yohane Paulo wa II alifundisha katika Laborem Exercens, mwaka 1981, kwamba kazi hutangulia mtaji, kwa kuwa mtaji wenyewe ni tunda la kazi. Basi swali letu kwa viongozi lisiwe tu, "Mtawakamata lini wavunaji wa mchanga?" Liwe pia, "Vijana hawa watafanya kazi gani kesho asubuhi?"

Majibu yapo. Kule Kalamba, Kaunti ya Makueni ilijenga kiwanda cha kusindika maembe kilichozinduliwa mwaka 2017. Sidai kwamba hakina matatizo. Hakuna kiwanda kisicho nayo. Nasema tu kwamba ni kiwanda cha namna nyingine. Hakimwondoi mkulima katika shamba, kinamwomba apande.

KUPIGA KURA NA KUULIZWA

Sasa nigusie jambo ambalo ndilo kiini cha jarida hili na cha kazi yenu nyote.

Tarehe 1 Mei 1991, miaka mia moja baada ya Rerum Novarum, Papa Yohane Paulo wa II alitoa waraka wa Centesimus Annus, akasema kwamba Kanisa huuthamini utawala unaowapa wananchi nafasi ya kushiriki, ya kuwachagua viongozi wao na ya kuwaondoa kwa amani. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo kifungu cha 2A kiliondolewa katika Katiba ya Kenya, na vyama vingi vikaruhusiwa. Mwaka uliofuata maaskofu wetu waliandika barua zao za kichungaji juu ya ghasia na juu ya uchaguzi. Wengi walioko hapa walizisoma makanisani, na wengine waliitwa kituoni kwa sababu ya kuzisoma.

Tulipigania vyama vingi, na tulifanya vema. Lakini tuseme ukweli: mtu anaweza kuwa na vyama thelathini vya kuchagua, na bado asiulizwe juu ya mchanga wa mto wake. Kura huja mara moja kwa miaka mitano. Lori huja kila usiku.

Ndiyo maana napenda kanuni ambayo Kanisa huiita auni, iliyoelezwa na Papa Pio wa XI mwaka 1931. Yale ambayo watu wadogo wanaweza kuyafanya wenyewe, wakubwa wasiwanyang'anye. Na yale wasiyoyaweza, wakubwa wawasaidie bila kuwameza. Katiba ya mwaka 2010 ilikaribia sana fundisho hilo ilipoleta serikali za kaunti. Lakini auni haikomi katika ofisi ya gavana. Ugatuzi usiofika kwenye mto na kwenye jumuiya ndogo ndogo umehamisha kiti tu, haukuhamisha madaraka.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuanzie nyumbani kwetu. Tutawezaje kudai ujira wa haki kwa kampuni, ilhali mlinzi wa kanisa letu, mpishi wa shule yetu, na katekista anayetembea vigango vitano kwa miguu, hawajui watalipwa lini? Nami najishtaki mwenyewe mbele yenu. Kwa miaka mitatu nyumbani kwangu alikaa binti wa kazi ambaye hakuwa na mapumziko ila saa za Misa siku ya Jumapili. Nilikuwa nikifundisha semina za haki wakati yeye anafua nguo zangu. Kabla hatujamnyoshea mwingine kidole, tutazame mikono yetu.

Pili, tudai habari. Katiba, ibara ya 35, na sheria ya upatikanaji wa habari ya mwaka 2016 zimetupa haki ya kuziomba hati za Serikali. Mikataba iombwe kwa barua, nakala zihifadhiwe, na yasomwe kwa lugha ambayo watu wanaielewa. Mrabaha nao tuujue: Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliugawa asilimia 70 kwa Serikali ya taifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali pale. Asiyejua fungu lake hulishwa makombo akashukuru.

Tatu, tuandike. Kila jumuiya ndogo ndogo iwe na daftari. Ndani yake ziandikwe nyumba, visima, miti ya matunda, mizinga ya nyuki na makaburi ya kila familia, pamoja na majina ya mashahidi. Wapo wengi wasio na hatimiliki, nao wameogofywa kwamba hawana haki. Wajue kwamba ibara ya 40 ya Katiba imefungua mlango wa fidia hata kwa aliyekaa katika ardhi kwa nia njema bila kuwa na hati. Lakini mlango huo utaingiwa na mwenye ushahidi.

Nne, asitie mtu sahihi peke yake. Ng'ombe aliyetengwa na kundi ndiye aliwaye na simba. Atakayekuja na karatasi na kalamu, aambiwe kwa adabu: karibu, keti, kunywa maji, tutakujibu baada ya kukaa. Na katika kikao hicho akina mama wawepo na waseme, kwa kuwa mara nyingi jina lililo katika hatimiliki ni la mume, na mtungi ulio kichwani ni wa mke.

JIBU KWA MZEE

Tarehe 8 Mei 2025 Kanisa lilipata Baba Mtakatifu mpya, naye akachagua jina la Leo wa XIV. Siku mbili baadaye aliwaeleza Makardinali kwamba alilichagua hasa kwa ajili ya Leo wa XIII, aliyeyakabili mapinduzi ya kwanza ya viwanda, kwa kuwa sasa mapinduzi mengine yamekuja, ya mashine zinazoiga akili ya mwanadamu. Mambo mapya hayaishi. Kila kizazi huletewa yake, na swali hubaki lile lile: mtu ni mtu, au ni kitu kinachoondolewa njiani?

Basi namrudia mzee wangu wa Mui. Mzee, nimechelewa kukujibu, unisamehe. Nimeisoma Katiba, nimezisoma nyaraka za Mababa Watakatifu. Hakuna sheria inayosema kwamba tetesi zinaweza kumwondolea mtu shamba lake. Ardhi ikitakiwa kwa manufaa ya umma, ni lazima notisi itangazwe katika Gazeti la Serikali, madai yasikilizwe, na fidia ya haki ilipwe bila kucheleweshwa. Mpaka hapo, shamba ni lako.

Nenda ukatafute miche mingine kumi. Chimba mashimo kabla ya mvua ya Novemba. Andika katika daftari la jumuiya: miembe kumi, imepandwa siku fulani, mbele ya mashahidi fulani. Wakija watu wa kuuliza, watakukuta umesimama shambani kwako, na majirani zako wamesimama nawe. Na wasipokuja, wajukuu wako watakula maembe.